Mawifi Wawili na Sumu ya Karanga

Mkuu wa maabara aliposema analeta mtaalamu wa kompyuta, Mama Pacha alifurahi kama mtu aliyeongezewa mkono wa tatu. Furaha hiyo ilikwisha mlango ulipofunguliwa. Aliyeingia, kompyuta kwapani na miwani kichwani, alikuwa wifi yake.

"Mnajuana?" mkuu akauliza.

"Huyu ni mke wa kaka yangu," wifi mtu akajibu, na kwa jinsi alivyolitamka hilo neno "mke," hata friza ingesikia baridi.

Wawili hawa walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu siku ya harusi, pale wifi aliposimama mbele za watu akasema kaka yake amejipatia mwanamke atakayempimia mchuzi kwa pipeti ya maabara, tone kwa tone. Ukumbi mzima ulicheka. Bibi harusi hakucheka.

Sasa wakapewa meza zinazotazamana. Jengo zima likapata la kusema: maabara ina mawifi wawili, na mtandao bado unakatika.

Kazi yenyewe ilihusu sumukuvu, ile sumu inayoachwa na ukungu kwenye karanga zilizohifadhiwa vibaya. Haionekani, haina harufu, na inakula ini la mtu taratibu. Chama cha wakulima kilikuwa kimeomba kipimo chepesi, kijikaratasi cha kuchovya tu, kabla mavuno hayajaingia ghalani. Kijikaratasi hicho kilihitaji kitu cha kuidaka sumu na kuacha vingine vyote vipite. Kitu chenyewe ni aptama: uzi mfupi wa DNA unaojikunja wenyewe mpaka ukapata umbo la kuikumbatia sumu hiyo, kama kiatu kilichoshonwa kwa mguu mmoja.

Kuupata uzi huo ndiyo ilikuwa shughuli. Mama Pacha alimimina mabilioni ya nyuzi za kila aina juu ya vishanga vidogo kama vumbi, vilivyopakwa sumu. Akaosha. Zilizong'ang'ania akazizalisha zikawa nyingi, akamimina tena, akaosha tena. Alikuwa ameyafanya hayo kwa muda mrefu hata wanawe pacha, wakiulizwa shuleni mama yao anafanya kazi gani, walijibu: "Anaosha."

"Hivi unasubiri mpaka mizunguko yote iishe ndiyo uangalie umepata nini?" wifi akauliza.

"Ndivyo tunavyofanya."

"Za mizunguko ya mwanzo umetupa?"

Hakuwa ametupa. Zilikuwa kwenye friza. Hakupenda kuzitoa, lakini alizitoa. Mashine ikazisoma herufi kwa herufi, kisha kompyuta ya wifi ikazipanga koo kwa koo, ikakisia kila uzi unavyojikunja, ikatazama ni ukoo upi unaoongezeka kila baada ya kuoshwa, ikateua nyuzi chache. Kazi ya miezi ilikwisha ndani ya wiki. Wifi akaja kuzikabidhi akitembea kwa madaha.

Mama Pacha akazipaka rangi ya kung'aa, akazijaribu: zitakazonasa zibaki ziking'aa hata baada ya kuoshwa. Mirija ikang'aa kijani! Kabla hajapiga kigelegele, akatazama mirija ya pembeni, ile yenye vishanga vitupu, visivyo na chembe ya sumu. Nayo iling'aa vilevile.

"Zinanata kwenye vishanga, wifi. Na sumu hazina habari nayo."

Uso wa wifi ukashuka. "Au umezikoroga vibaya makusudi."

"Makusudi?"

"Kwa sababu ya yale ya harusini."

Mama Pacha alivua glovu akatoka nje, maana alijua akifungua mdomo hapo, haufungiki.

Jumapili mume wake, mwoka mikate, aliwakuta wamekaa meza moja kila mtu ameangalia dirisha lake. Wifi alikuwa amekuja nyumbani kwao kuwasalimia pacha. Mume akaweka mkate katikati.

"Mambo ya nyuzi siyajui," akasema. "Ila mimi mtu wa unga najua kitu kimoja: donge likishindwa kuumuka, silaumu mikono ya mtu kabla sijaingiza yangu."

Wifi akamega mkate, akamgeukia Mama Pacha. "Kesho nioneshe unavyoosha," akasema.

Kesho yake akavaa koti na glovu zilizompwaya, akamwaga mrija wa kwanza, akanung'unika kwamba kompyuta haimwagiki. Mama Pacha alijikaza asicheke, akashindwa. Wakaanza upya.

"Huu mrija wa vishanga vitupu ni wa nini?"

"Naanza nao kila mara. Zile zinazopenda vishanga zinabaki huku, zinazopita ndizo napeleka kwenye sumu. Ila baadhi ya hizo za vishanga zinaponyoka tu."

"Na zinazobaki huku unazifanya nini?"

"Namwaga."

"Unamwaga!" Wifi akashika kichwa kwa glovu mbichi. "Wifi yangu, hao ndio wezi wenyewe! Nipe niwasome, kompyuta iwajue sura, iwatoe kwenye msafara!"

Mama Pacha akakaa kitini. Hakuwahi kufikiri kwamba uchafu wake unasomeka.

Wakausoma. Kompyuta ikafyeka koo zote zilizopenda vishanga, ikabakiza nyuzi chache ambazo mara ya kwanza haikuzijali. Mmojawapo ulikuwa adimu kiasi kwamba kwenye mizunguko ya mwisho ungemezwa na wenzake wanaozaliana upesi. Wifi akaukata mkia usio na kazi, Mama Pacha akaujaribu.

Mrija wa sumu: kijani. Wa vishanga vitupu: giza.

Akarudia. Giza tena. Hapo kigelegele kilimtoka mpaka mkuu akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto.

"Yale ya pipeti," wifi akasema walipobaki wawili, "nilitaka tu watu wacheke."

"Walicheka."

"Wewe hukucheka."

"Gauni lilikuwa linanibana, wifi. Ningecheka lingechanika."

Mavuno yalipoanza, walisimama mlangoni mwa ghala na vijikaratasi vyao. Magunia yakapita moja baada ya jingine bila tatizo, mpaka kwenye la mwenyekiti wa chama mwenyewe. Mstari mwekundu, alama ya sumu, ukajichora taratibu.

"Rudieni," mwenyekiti akasema.

"Achovye wifi," Mama Pacha akasema. "Mimi mkono wangu una makusudi."

Wifi akachovya huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mstari ukatokea uleule, na vijana wa ghala wakalitoa gunia la bosi wao nje, mmoja kila upande.