Mashine Isiyopigwa Picha

Chumba kile kilikuwa stoo ya mafagio kabla hatujakichukua. Hakina dirisha, na ndiyo maana Kaka Mkubwa alikipenda. Kaka Mkubwa si kaka wa mtu yeyote pale. Ndiye bosi wetu, ila ukimwita bosi anageuka nyuma kuangalia nani ameingia. Ofisi nzima ni watu watatu: yeye, mchoraji tunayemwita Rangi, na mimi wa programu.

Asubuhi ile alinikabidhi ufunguo. Mezani palikuwa na mashine ya kijivu, nzito, haina urembo wowote, utadhani betri ya lori. Mashine za gemu zinazouzwa madukani hukubali gemu zilizokamilika tu. Hii ni ya watengenezaji: unaipa gemu ikiwa bado mbichi, nayo inakuonyesha ilipojikwaa. Haiuzwi. Kampuni yenyewe huwaazima watu inaowaamini, na Kaka Mkubwa alikuwa ameomba mpaka akazoea kukataliwa.

"Mdogo wangu," aliniambia, "jicho la nje lisiione. Na picha ndiyo kabisa. Wakiona picha wanaifunga hukohuko kwao, sisi tunarudi kutengeneza vigemu vya kupasua mapovu kwenye simu. Kama kuna atakayetulipa."

"Nimeelewa, Kaka."

"Simu yako mwachie Rangi."

Rangi aliipokea kwa vidole viwili kama anashika mkia wa panya. "Hii nayo ni simu au kigae?"

Kaka akaenda zake kikaoni, nikabaki na mashine. Niliogopa hata kuigusa. Programu iliyo kwenye kompyuta lazima iwe toleo lilelile lililo ndani ya mashine. Zikipishana kidogo tu, hazisalimiani. Zangu zilipishana. Nikatoa kila kitu, nikaanza upya, nikachomeka waya kwa mikono miwili kama namvalisha mtoto soksi. Kisha nikatuma kile kijaribio ambacho kila mtu wa kazi hii huanza nacho: kuchora pembetatu moja nyekundu.

Skrini ikabaki nyeusi. Halafu ikatokea, imetulia katikati, nyekundu kabisa. Nikacheka peke yangu mle stooni.

Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa Dada, ameniletea chakula nilichokisahau nyumbani. Rangi, masikio yake yamezibwa na muziki, alimwonyesha mlango kwa kidole tu.

Ningeweza kutoka nje na kuufunga mlango nyuma yangu. Lakini nilitaka mtu aione.

"Dada, tazama!"

"Ndiyo hiyo inayokunyima usingizi?" Akainamisha kichwa. "Mbona kama ile alama ya gari bovu barabarani?"

"Ngoja, sasa inazunguka." Nikageukia kompyuta, nikaizungusha pembetatu. Dada akapiga vigelegele vya chinichini, akanibusu utosini, akaondoka. Sikumwona akitoa simu.

Niliiona picha nilipochukua simu yangu kwa Rangi. Ilikuwa inatetemeka juu ya meza haipumziki. Kwenye kundi la ukoo, mimi huyo, nimegeuka nusu, meno yote nje. Chini yake Dada ameandika: *Mtoto wetu huyu! Gemu za dunia zinatoka kwetu!* Na pale karibu na kiwiko changu, mashine. Stika yake ilikuwa imeelekea kamera, na namba ilisomeka bila miwani. Namba ile ni yetu peke yetu.

Nikampigia palepale.

"Dada, futa! Futa sasa hivi!"

"Nifute nini? Watu wanakupongeza, wewe unakuja juu!"

"Nitafukuzwa. Sote tutafukuzwa."

Nikasikia anavuta pumzi. "Nafuta, mdogo wangu. Nafuta. Lakini Bibi ameshaiweka mbele ya simu yake. Na Mjomba Redio..."

Sikusubiri amalize, nikampigia Mjomba. Mjomba Redio ana duka la simu, na hutangaza msiba mgonjwa akiwa bado anakunywa uji.

"Mpwa wangu!" alipokea kwa kelele. "Nimekurusha kwa wateja wangu wote! Nimewaambia, damu yangu hiyo!"

"Mjomba, ifute, nakuomba."

"Ah, maji yakishamwagika... Kwani una nini? Hiyo mashine umeiiba?"

Nikampigia Bibi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema atamwita jirani amsaidie kuitoa. Halafu akauliza taratibu, "Sasa nikikukumbuka nitakuangalia wapi, mjukuu wangu?"

Rangi alikuwa ameshatoa vile vya masikioni. "Nyamaza tu," alisema. "Wateja wa mjomba wako wanatafuta chaja, hawatafuti mashine. Nani atajua?"

Nikakaa nalo hilo neno. Lilikuwa tamu. Lakini kila simu iliponguruma popote mle ofisini, niligeuka kuitazama, na nikajiona nikiishi hivyo wiki nzima, mwezi mzima, nikimwamkia Kaka Mkubwa kila asubuhi huku nimemeza jiwe.

Aliporudi nilimfuata kabla hajaweka mkoba chini.

"Kaka, picha imetoka."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Stika inaonekana?"

"Inasomeka."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Heri angefoka. "Waandikie wenye mashine," alisema. "Uandike wewe."

"Niseme imefika kwa familia tu?"

"Unaniuliza ili nikuruhusu, au ili nikukataze?"

Niliandika yote: mlango, Dada, Bibi, Mjomba na wateja wake. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe cha kutuma mpaka Rangi akageuza uso. Nikatuma. Jioni likaja jibu la mstari mmoja: wamepokea, wanachunguza.

Sasa, mashine ile kila ikiwashwa huomba ruhusa kwa wenyewe. Wakikubali inafanya kazi. Wakikataa, ni sanduku. Asubuhi iliyofuata tulibanana stooni watatu.

"Washa," alisema Kaka Mkubwa.

Kijiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Kilizunguka nikasahau kumeza mate. Rangi alinong'ona, "Kama ni sala, itakuwa ndiyo muda wake."

*Ruhusa imetolewa.*

Kisha nikasoma chini yake. Pale palipokuwa na tarehe ya mwakani ya ruhusa kuisha, palikuwa na ya Ijumaa.

"Ijumaa hii?" Rangi aliuliza. "Si ndiyo kesho kutwa hiyo?"

"Ndiyo."

"Na baada ya hapo?"

Mashine ilivuma kidogo kidogo, na sisi tukaitazama kama mgonjwa ambaye daktari amesema tungoje kwanza tuone. Kaka Mkubwa alivuta kiti, akaketi kando yangu.

"Ingiza gemu," alisema.

Nikaiingiza ile gemu yetu, mbichi hivyohivyo. Ikafunguka, ikaonyesha mlima aliouchora Rangi, mtu wetu akapiga hatua mbili, na kila kitu kikaganda. Maandishi meupe yakaujaza mlima.

"Imekufa," nilisema.

"Haijafa, imejikwaa. Inasemaje?" Kaka aliuliza.

Nikaanza kumsomea, mstari baada ya mstari, jicho moja kwenye ile tarehe.