Namba Saba

Mhariri yule walimwita Jicho, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na sita alisahihisha magazeti na vitabu, hata akawa anamtambua mwandishi kwa nukta zake kama mama amtambuavyo mwanawe kwa kikohozi. Meneja wa kiwanda cha sabuni alipoanza kuletewa barua pepe zisizo na jina, alimfuata yeye.

Barua zilikuwa tisa, zote zikilalamika kwamba milango ya dharura hufungwa kwa kufuli watu wakiwa kazini. Pamoja nazo meneja alileta ripoti za makarani kumi na mmoja, majina yamefutwa, zimebaki namba tu.

"Wewe tuambie ni nani. Mengine tuachie sisi."

Jicho alijua kuwa mdogo wake, kitinda mimba aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, ni karani pale pale. Lakini alitaka kazi yake iwe safi. Siku tatu aliinamia makaratasi na kalamu nyekundu. Mwandishi wa barua alipenda kuanza na "hivyo basi", hakuandika "kwa sababu" hata mara moja ila "kwa vile", na kila penye "na" alitanguliza mkato. Namba saba naye vivyo hivyo. Jicho akajibu bila kusita: namba saba.

Alhamisi mdogo wake aliingia na boksi la vitu vyake vya mezani.

"Wamenifukuza, dada. Eti wamepata mtaalamu."

Jicho akamweleza yote, hakuficha neno.

"Umenisoma siku tatu, dada, usinijue?"

"Majina yalifutwa, mdogo wangu."

"Basi sikuandika mimi."

Jicho hakujibu. Ushahidi alikuwa ameuona kwa macho yake. Mdogo wake alingoja, akangoja, kisha akabeba boksi lake akaenda zake.

Wiki mbili baadaye meneja alipiga simu. Barua ya kumi imeingia, na hii ina jina: karani mgeni, mama wa makamo, ambaye ripoti zake hazikuwamo kwenye zile alizoletewa Jicho. Ameandika kwamba hawezi kuona mwenzake akibeba mzigo usio wake, tena mwenzake huyo ndiye aliyemfundisha kuandika ripoti. Alikuwa amemwiga hadi mikato.

"Na mdogo wangu anarudi lini?"

"Nafasi yake ilishajazwa, mama. Na huyu naye tumemwachisha."

Jicho alikwenda siku hiyo hiyo. Mdogo wake alimfungulia, akaondoa nguo kwenye kiti, akampa maji.

"Nimekukosea. Ulisema si wewe, nami nikanyamaza."

"Kazi si neno, dada, nitapata nyingine. Lakini ningekuwa mimi, ningekwambia. Wewe ndiye ningekwambia kabla ya mtu yeyote."

Jicho alilia, bilauri mkononi. Mdogo wake hakumsogelea. Alikuwa akikunja nguo.

"Leo nenda tu, dada."

Mwaka mzima ulipita kabla hajabisha hodi kwa dada yake, na alipokuja, hakukaa.