Siyo Siki

"Umewalisha walimu wa madrasa pombe, Mikdad! Kwenye hitima ya mama yangu!"

"Sikuwalisha mimi, baba. Kaimimina shangazi."

"Usinitaje!" Shangazi Mardhiya akadakia toka uani. "Nafagia uvungu wa kitanda chako, nakuta chupa. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, kitu kichachu, sukari hata chembe. Ningekiita nini? Siki! Nikatia kwenye kachumbari."

Na ilivyoliwa hiyo kachumbari! Maalim Twalha aliongeza mara mbili, akasifu. Mikdad karudi kutoka kazini, kakuta chupa tupu, ndo akaropoka kwamba ule ni mvinyo.

"Na nani kaileta humu ndani?" Mzee Bwanausi, baba yake, akanguruma.

Kaileta Mikdad mwenyewe. Hoteli anayofanyia kazi pale ufukweni ndiyo iliyompeleka Hungaria kujifunza kuhudumia wageni. Wakatembezwa kwenye kiwanda cha mvinyo cha kale, handaki limechimbwa kilimani, kuta zimeota ukungu mweusi laini kama manyoya ya paka. Yeye alidhani mvinyo wote mtamu kama sharubati. Wakampa mweupe, mkavu, utamu hakuna. Ukamjia kama ukwaju mchanga, halafu kama jiwe lililonyeshewa. Akatema kwenye ndoo, kama wanavyotema wenyewe wenye kazi yao. Lakini ladha ilikataa kutoka kichwani. Wakamwambia arudi msimu wa zabibu, wamfundishe. Chupa ile waliyompa alitaka kumwonyesha bosi, amruhusu kurudi.

"Kesho baada ya swala ya Ijumaa," baba akasema, "utasimama useme ilikuwa siki ya Wazungu. Yaishe."

"Siyo siki."

"Nani anajua?"

"Mimi najua. Unanituma nikaongope msikitini, baba?"

"Si ulitema wewe?" shangazi akamchoma. "Basi tema na hiyo habari, usiitaje tena!"

"Kosa la kuileta langu, nitawaomba radhi mmoja mmoja. Wao hawakujua, hawana dhambi. Ila siki sisemi."

"Basi hapa hulali! Na Hungaria huendi!"

"Kulala nitalala popote. Hungaria nakwenda."

"Unakwenda wapi sasa hivi? Mikdad! Nasema nawe!"

"Kwa Maalim Twalha. Naanza na yeye, si ndiye aliyeongeza?"

Akavaa ndala, akatoka, akafunga mlango.