Kabari za Shangazi

Asubuhi ile nilipewa kazi ya kuikata kreni iliyonilea. Sitanii. Shangazi yangu, aliyenikuza, aliiendesha miaka ishirini na miwili katika kituo cha umeme cha jiji letu, na kila nilichokula utotoni kilitokana na ndoano ile.

Kituo kilizimwa miaka kumi na mitatu iliyopita. Enzi zake kiliwasha jiji zima na kuchafua kila shuka lililoanikwa mitaa ya jirani. Sasa kilikuwa kinageuzwa maktaba. Palipokaa mashine za kufua umeme pangekaa meza za kusomea, na madirisha marefu yalikuwa yameoshwa masizi hadi jua likaingia bila hodi. Hakuna aliyechomelea chuma kunishinda pale, na mwenye ubishi alikaribishwa. Kilichonikera ni kreni tu.

"Imeshikwa na kutu," msimamizi alisema, akiitazama ilivyokaa kwenye reli zake mbili chini ya paa. "Wahandisi wameisukuma, imegoma. Na hapo ilipo ndipo ngazi mpya inapopita. Saa sita iwe chini."

"Kreni ya shangazi yangu haigomi!"

"Basi shangazi yako aje aibembeleze."

Yeye alikuwa anatania. Mimi nilizima tochi ya gesi, nikapiga simu.

Nusu saa haikuisha. Shangazi aliingia na ovaroli yake ya zamani iliyopauka, nyundo ikichungulia kwenye mkoba.

"Shikamoo, mama," msimamizi alisema, tayari sauti imeshuka.

"Marahaba. Wewe ndiye unayesema kreni yangu ina kutu?"

"Ni ripoti ya wahandisi, mama."

"Walipanda juu, au waliisukuma kwa macho?"

Vibarua waliangua kicheko. Msimamizi akatazama saa yake. "Sawa. Ila ni ile ile saa sita."

Shangazi ana miaka sitini na sita. Alipanda ngazi ya chuma, mimi nyuma yake, mikono tayari.

"Achia kisigino changu. Mimi si yai."

Kule juu alichuchumaa kwenye gurudumu la kwanza, akakwangua rangi kwa kucha. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, nikikwambia kitu hutacheka?"

"Sicheki."

"Kutu yenyewe ni mimi."

Siku ya mwisho ya kituo, alisema, aliletwa dereva mgeni aendeshe kreni ile kung'oa mashine. Shangazi hakuweza kuvumilia. Aligongomea kabari za mbao kwenye magurudumu, akazipaka rangi ya kijivu kama chuma chenyewe. Mgeni akashindwa, mashine zikaburutwa nje kwa malori.

"Na ukakaa kimya miaka yote hiyo?"

"Nilijua italala tu. Ningejuaje watakuja kuichinja?"

Nilicheka hadi nikashika reli. Akanipiga kofi la bega, akatoa nyundo. Kabari ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka vipande. Tukamimina mafuta, akashika mnyororo wa kuisogeza kreni kwa mkono.

"Kumbe ina mnyororo?"

"We ulidhani kituo cha umeme hakikatikiwi umeme?"

Tulivuta. Kimya. Tukavuta tena. Chini, msimamizi alipaza sauti: "Dakika kumi, mama!"

"Hesabu polepole!" akamjibu. "Mwanangu, vuta kama mtu aliyekula."

Nilivuta kwa hasira zangu zote. Chuma kililia. Kreni ikasogea shubiri moja, kisha hatua, kisha ikatembea kama haijawahi kusimama. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Vibarua walirusha helmeti, na msimamizi, shahidi ni mimi, alipiga mluzi wa vidole viwili.

"Haikatwi tena!" alipiga kelele. "Hiyo hiyo ndiyo itakayobeba ngazi mpya!"

Tulikuwa tumefika nusu ya ukumbi shangazi alipoachia mnyororo ghafla.

"Mungu wangu! Kengele!"

"Kengele gani?"

"Kreni haiondoki kabla ya kengele mara mbili. Miaka ishirini na miwili sijakosa hata siku moja. Rudisha."

"Shangazi, imeshatembea!"

"Nimesema rudisha."

Tukairudisha yote, jasho likitutiririka, watu chini wakidhani tumechanganyikiwa. Ilipofika ilipoanzia, shangazi alijifuta uso, akavuta kamba ya kengele mara mbili, akanikonyeza.

"Sasa twende."