Gari la Kuvuta Tela Yetu

Siku mume wangu alipofariki alikuwa amekaa kwenye gari ambalo si letu. Alitoka nyumbani baada ya chai, akaenda yadi ya magari kuitazama tena stesheni wagon moja ya kijivu, akaomba funguo, akaingia, akafunga mlango. Muuza magari alimwona ameshika usukani, kichwa amekiegemeza nyuma, akamwacha.

"Nilidhani anakionja kiti, mama," aliniambia baadaye bila kuniangalia usoni. "Wateja wengi hufanya hivyo. Sikutaka kumharakisha."

Moyo ulikuwa umesimama. Walipomtoa, redio ya gari ilikuwa inaimba kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshatafuta stesheni anayoipenda.

Gari lilitakiwa kwa ajili ya tela. Tela yetu ni ile ya kulala, chumba kidogo juu ya magurudumu mawili, chenye vitanda, jiko la gesi na meza ya kukunja. Kila likizo ndefu tuliifunga nyuma ya gari tukaenda kukaa kando ya ziwa, sisi wawili na binti yetu. Gari letu la zamani, jipu, lilikuwa limekufa injini, na binti alikuwa anasubiri kuanza chuo mbali na nyumbani. Mume wangu alisema lazima twende mara moja zaidi kabla binti hajaondoka. Alipozikwa, nilifikiri safari imezikwa naye. Halafu jioni moja, tukiwa tunaosha vyombo, binti akaniuliza, "Mama, kwani hatuendi?"

Nilimwambia tunaenda. Sikujua kwa gari gani.

Nilikwenda yadi na shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Yeye ni dereva wa lori, na wenzake wanamwita Breki kwa sababu hukanyaga breki hata akiona kivuli cha mbuzi. Muuza magari alituonyesha magari mawili tu yaliyoweza kuvuta tela: ile stesheni wagon, na pikapu ya dizeli yenye milango minne, ndefu, alisema, kama jeneza. Aliposema neno hilo akajiuma ulimi.

"Sema tu, kaka," Breki akamwambia. "Hapa tumeshayasikia yote."

Niliuliza marehemu alikuwa ameamua lipi. Muuza magari akasema alishakata shauri: stesheni wagon. Alikuwa amesoma kile kibao cha uzito kilichopigwa misumari kwenye tela, akalinganisha na uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta, akaona nafasi imebaki tele.

Breki akacheka mpaka akashika mbavu. "Kibao cha kiwandani! Huo ni uzito wa tela tupu, kabla haijawekwa hata kijiko. Kaka yangu huyo, fundi wa mabomba! Bomba la nyumba nzima atalifunga bila kuvuja tone, lakini kufikiri kwamba tela inabeba vitu, hapana."

Mimi pia nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza, na nikaona aibu katikati ya kicheko. Ni kweli, alikuwa hivyo. Alipokuwa akihesabu viti vya wageni, alijisahau yeye mwenyewe, akala amesimama.

Basi tukaipakia tela kama tulivyozoea, Breki akaivuta kwa gari la mwajiri wake mpaka kwenye mizani ya malori. Tuliijaza kila kitu, na sikufikiri mara mbili. Mhudumu wa mizani akasoma, akatikisa kichwa. Ilizidi kipimo cha stesheni wagon. Ingewezekana kuivuta, alisema Breki, lakini kuisimamisha kwenye mteremko ingekuwa kazi ya Mungu.

"Mwaga maji kwanza, shemeji. Kwa nini ubebe maji kwenda ziwani?"

Tukafungua bomba la tangi, maji yakatiririka juu ya zege. Bado ilizidi. Nikatoa sufuria kubwa na chungu changu cha kuchemshia. Nikatoa magodoro mawili ya ziada na vitabu vya binti. Nikatoa zulia, kiti changu cha kukunja, kapu la nguo zangu nzito. Kila mara Breki aliirudisha mizanini, na kila mara mhudumu alituonyesha kwa vidole pengo lililobaki. Vitu vyetu vilirundikana kando ya barabara kama vya watu waliofukuzwa nyumba.

Nilikuwa nimeanza kufungua skrubu za meza pale binti aliponishika mkono.

"Mama, unabakiza nini chetu?"

"Kinachotosha."

"Na sanduku la baba?"

Chini ya kitanda cha nyuma kulikuwa na sanduku lake la chuma: spana za bomba, jiliwa la kubania mabomba, mashine ya kuyachonga nyuzi za kuungia, na vipande vya chuma ambavyo yeye peke yake alijua ni vya nini. Pembeni, jenereta na pampu. Kila tulikopiga kambi, kabla hatujashuka vizuri, mtu alikuja kuuliza yule fundi wa mabomba yuko wapi. Watu walimjua kwa sanduku lile. Jioni alirudi ameloa mpaka magotini, anatabasamu, ananiomba taulo.

"Vikitoka hivyo," alisema Breki taratibu, "mnaweza kurudisha kila kitu. Maji yatabaki nje, lakini vingine vyote vitarudi."

"Nitachukua pikapu," nikasema. "Pikapu inabeba vyote."

Breki alinitazama. Nilitegemea utani, hakuutoa. "Haya. Twende ukaijaribu."

Tukarudi yadi. Nilipanda pikapu kama mtu anayepanda ngazi. Nguvu ilikuwa nazo, nilizisikia kwenye nyayo. Lakini muuza magari aliponiomba niirudishe nyuma kati ya magari mengine, sikuona kitu. Niligeuza shingo, nikatazama vioo, nikafungua dirisha nikachungulia. Miaka yote nilipoegesha gari lenye tela, alikuwapo mtu nyuma, kiganja hewani, anasema njoo, njoo, kata kulia, hapo hapo. Niligundua kwamba nimenyamaza nasubiri sauti. Nyuma kulikuwa na ukuta tu na binti yangu amesimama mbali, amekunja mikono.

Nilizima injini nikabaki juu ya kiti kwa muda. Hakuna aliyenijia. Nafikiri muuza magari aliogopa kuja.

Hapo ndipo nilipoliona jambo nililokuwa nalikwepa tangu mizanini. Gari alilolichagua marehemu lisingetuvuta sisi watatu. Lingekuwa dogo, tungegombana, ningemwambia rudi ukabadilishe, naye angesema mwanamke huyu haridhiki. Lakini kwa watu wawili, wenye nguo na sufuria zao na basi, lilitosha. Alikosea hesabu kwa ajili yetu wote akapatia kwa ajili ya waliobaki. Sikumshukuru. Nilimkasirikia, nikiwa peke yangu juu ya pikapu ile, jinsi mtu anavyomkasirikia aliyeondoka kwenye mazungumzo bila kuaga.

Nikashuka. Nikamwambia muuza magari tunachukua ya kijivu.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Breki alisema tulipofika nyumbani, akijitayarisha kulibeba sanduku. Alidhani angelinyanyua kwa mkono mmoja. Hakuweza. Akaita jirani, wakalibeba wawili wakilipumzisha kila hatua chache, mpaka stoo. Jenereta ikafuata, kisha pampu. Breki alitoka anafuta jasho, macho mekundu, akasema ni vumbi la stoo. Nikamletea maji.

Binti aliingia kwenye tela akapiga magoti pale kitanda cha nyuma. Sakafu ilikuwa imebonyea mahali sanduku lilipokaa miaka yote, rangi imekwanguka. Akauliza aweke nini hapo.

"Weka vitabu vyako."

"Hapatajaa, mama."

"Pasijae."

Mizanini tulipita. Mhudumu alinipungia mkono bila kujua ni nini kilichopungua. Stesheni wagon inavuta vizuri. Kwenye kilima cha kutoka mjini, kile kirefu, sikuhitaji hata kushusha gia.