Gusheshe Jekundu Lililokataa Gia

Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai haijachemka, Keneilwe huzifuta spana zote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na kuzipanga mezani, ndogo kushoto, kubwa kulia. Alikuwa amefika namba kumi na saba pale geti lilipong'oka.

Halikufunguliwa, liling'oka. Gusheshe jekundu, BMW ya zamani ya mashindano ya kuzungusha magari, liliingia nalo, likaliburuta hadi katikati ya uwanja wa gereji yao, likatikisika na kuzimika. Bhubesi, mwenye gari hilo, akashuka. Damu ilikuwa imemganda juu ya jicho, na mkononi alikuwa na spana ya matairi.

"Yuko wapi?"

Tebatso, kaka yake Keneilwe, alitokea nyuma ya nyumba na mswaki mdomoni. Hakupata hata nafasi ya kuutoa. Chuma kilimpata begani, akaenda chini, na teke la kwanza lilimkuta hajajua bado ni nani anayempiga.

"Lungelo yuko hospitali!" Bhubesi alifoka. "Mguu umevunjika mara mbili! Mdogo wangu wa tumbo moja! Jana mazoezini nakanyaga klachi, gari linavuta tu. Navuta gia itoke, haitoki. Tumeingia kwenye ukuta wa matairi, yeye ananing'inia dirishani! Na hiyo klachi ya mashindano mmenifungia hapa hapa, Jumatano!"

"Bhuti, kaka, nisikilize..." Tebatso alisema.

"Nitakusikiliza ukiwa na mguu mmoja."

Nkosana, rafiki mnene wa Bhubesi aliyekuwa amemfuata kwa gari jingine, aliingia akipita juu ya geti lililolala, akamkalia Tebatso mgongoni kama mtu anayekaa kwenye benchi. Bhubesi akaushika mguu wa kulia wa Tebatso na kuulaza juu ya giaboksi kuukuu iliyokuwa imetupwa pale. Akaupima kwa jicho, kama mtu anayetaka kupasua kuni.

Keneilwe alisimama nyuma ya meza yake ya spana. Sauti yake hata siku njema ilitoka kama ya kuazima.

Kitongoji kizima cha Katlehong, kila mwenye gusheshe la kuzungusha uwanjani alijua kwamba Tebatso ana mikono ya ajabu. Hakuna aliyejua kwamba mikono hiyo ilipokea funguo tu na kupiga soga na wateja. Aliyelala chini ya magari, nyuma ya turubai lililofungwa, alikuwa Keneilwe, na miaka yake miwili ya chuo cha ufundi. Walikuwa wamekubaliana hivyo wenyewe. Nani angemwachia msichana gusheshe lake? Wateja walimfahamu kama dada wa chai.

"Ni... niliangalie kwanza," alisema.

"Uangalie nini, ausi, dada yangu?" Nkosana alicheka. "Nenda kaitie chai sukari nyingi. Huyu ataihitaji."

"Kaka huwa ananionyesha kidogo. Ukimvunja mguu hutajua kimeharibika nini. Kesho una mashindano. Ukilipanda hivi hivi, litaua mtu."

Bhubesi aliishusha spana polepole. "Haya. Ila kila ukikwama, nampiga. Anza."

Keneilwe aliingia garini. Injini ikiwa imezimwa, aliingiza gia namba moja, mbili, tatu, hadi rivasi. Zote ziliingia bila kelele. "Giaboksi ni nzima," alisema. Akawasha, akakanyaga klachi, akajaribu rivasi. Chuma kikasagana na chuma hadi fimbo ya gia ikamtetemeka kiganjani.

"Klachi haiachii," alisema.

"Hiyo hata mimi naijua!" Chuma kilishuka kwenye paja la Tebatso. Tebatso aliuma udongo.

Keneilwe aliinua nyuma ya gari kwa jeki na kulikalisha kwenye stendi. Akawasha tena, akaweka namba moja klachi ikiwa imekanyagwa. Magurudumu yaliyopaswa kutulia yakazunguka. Akazima. Mafuta ya klachi yalikuwa yamejaa. Pedali ilikuwa ngumu, haikuwa na ulegevu wa bomba lililoingia upepo. Akajitupa chini ya gari. Hapakuwa na tone lililovuja. Alipapasa kwa haraka hadi akajichuna vifundo vya vidole kwenye bomba la moshi.

"Kimya kirefu hicho," alisikia Bhubesi akisema. "Nkosana, mpe ausi wetu nguvu."

Kidole cha kaka yake kilivunjika kwa sauti ya kijiti kikavu. Halafu ikaja sauti ya Tebatso, ambayo Keneilwe hakuwahi kuisikia tangu wakiwa watoto. Kwa kuwa alikuwa amelala chali, machozi yalimwingia masikioni.

"Bhuti, kanyaga klachi," alisema kutoka chini. "Tafadhali."

Bhubesi aliingia na spana yake, akakanyaga. Juu ya uso wa Keneilwe mkono wa klachi ulisogea, ukafika nusu ya njia, ukasimama.

"Mpaka chini."

"Nimefika chini! Unataka nitoboe sakafu?"

Hapo akajua. Alitoka, akamwomba apishe, akapitisha mkono chini ya pedali. Vidole vyake vilikuta ubao, na juu ya ubao bati jipya lenye vinundu, limekazwa kwa skrubu nne, unene wa vidole viwili. Jumatano halikuwapo. Klachi ile ngumu ilihitaji pedali ishuke yote, nayo ilikuwa ikigonga ubao kabla haijafika. Alifungua skrubu zote bila kusema neno, akauweka ubao na bati lake chini, akawasha. Rivasi iliingia kama vile haijawahi kuwa na tatizo. Namba mbili pia. Alipokanyaga klachi, magurudumu ya nyuma yalisimama mara moja.

Akazima. Jirani mmoja aliyekuwa akichungulia kwenye pengo lilipokuwa geti alirudi nyuma.

"Ilikuwa nini?" Bhubesi aliuliza. Macho yake hayakugusa ubao ule.

"Upepo, bhuti." Ni Tebatso aliyejibu, haraka, damu ikimtoka na maneno. "Upepo ulibaki kwenye bomba la klachi. Kosa langu. Nisamehe."

Keneilwe alimtazama kaka yake. Tebatso alitikisa kichwa kidogo tu. Mguu mmoja, jicho lake lilisema. Acha niulipe mguu mmoja. Tukimwambia huyu ukweli atatuua wote wawili.

Uso wa Bhubesi ulilegea. Ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua," alisema, karibu kwa upole. "Nilijua ni nyinyi." Akaurudisha mguu wa Tebatso juu ya giaboksi, akaishika spana kwa mikono miwili na kuiinua juu ya kichwa.

Ubao ulirushwa, ukampiga Bhubesi kifuani. Spana ilianguka kando, ikamkosa Tebatso kwa upana wa kiganja.

Keneilwe mwenyewe alishangaa kuona mikono yake mitupu. "Si upepo," alisema.

Bhubesi aliiokota spana, akamjia hadi pumzi yake ikamfikia usoni. "Rudia."

"Huo ubao. Umeufunga baada ya kuchukua gari, upate pa kukanyaga ukijitokeza dirishani gari likizunguka. Pedali haifiki chini."

"Unamtetea kaka yako. Wewe unajua nini cha klachi? Wewe si wa chai?"

"Keneilwe, nyamaza!" Tebatso alilia chini ya Nkosana. "Nakuomba, mdogo wangu!"

Keneilwe alirudi nyuma hadi mezani. Alishika ukingo wa meza nyuma yake, spana zikalia.

"Kaka yangu hajawahi kufunga klachi hata moja maishani mwake," alisema, na safari hii hata jirani wa getini alisikia. "Fundi ni mimi. Gari lako nimelifunga mimi, kwa mikono hii, na lilitoka hapa zima. Mguu wa Lungelo umeuvunja wewe."