Kioo Kisichomwona Mkwe

Rozina alilizunguka lile gari jekundu, akapiga tairi teke kama anavyoona wanaume wakifanya, kisha akanigeukia.

"Bamkubwa, sema kitu basi."

"Linanguruma vizuri," nikasema.

"Halijawashwa."

"Ndiyo maana halisumbui."

Yadi ya Christopha haina ukuta, na upepo wa Sumbawanga hauna adabu. Uliwahi kuninyang'anya kofia pale sokoni. Nikaja kuikuta Mwimbi, kichwani kwa mtu ambaye alikuwa ameshaizoea mpaka anawavulia watu kwa heshima. Asubuhi hiyo ulikuwa ukitumwagia vumbi, na hakuna kati yetu aliyetulia. Christopha, mwenye magari, alikuwa akichungulia simu kila mara. Alisema kuna mteja yuko njiani kutoka Laela. Rozina alikuwa akichungulia jua. Mimi nilikuwa nikijichungulia kwenye vioo vya magari, maana nilikuwa nimetoka bila kunyoa.

Niliitwa kwa sababu ukoo mzima unaamini mimi ni fundi wa magari. Kazi niliyostaafu ni kupima mahindi ghalani. Kuendesha nilijifundisha mwenyewe, kwa trekta la misheni kule Msanzi, dereva wake akiwa misani. Baadaye niliteremsha lori la ulezi mpaka bonde la Rukwa kwa gia ya nyuma, kwa kuwa za mbele zilikuwa zimechoka, na abiria walishuka wakinishukuru kwamba wameiona milima vizuri. Nani mwingine angeitwa?

Lakini safari hii palikuwa na jambo la kweli, nalo lilikuwa mguu. Mguu wa Mzee Jafeti, baba mkwe wa Rozina, aliyekuja kutoka Tukuyu akiwa na kidonda cha kisukari. Daktari alisema waziwazi: kidonda kisafishwe hospitali kila baada ya siku moja, la sivyo mguu utakatwa. Ambakisye, mume wa Rozina, alikuwa akimpeleka kwa gari la kuazima, kisha akahamishiwa kazi Mpanda. Bajaji mzee aliijaribu. Tuta la kwanza la Malangali, mtaani kwao Rozina, lilimrusha, kidonda kikagonga chuma, akaapa hapandi tena. Ambakisye akapiga simu: tafuteni gari dogo, la juu kidogo, Rozina atampeleka mwenyewe.

Rahisi kusema ukiwa Mpanda. Mzee Jafeti ni Mnyakyusa wa adabu za zamani: baba mkwe na mkamwana hawaangaliani usoni. Pale nyumbani Rozina huandaa chakula mezani na kutoka kwa mlango wa jikoni. Mzee hukohoa ukumbini, kisha ndipo anaingia kula. Rozina ni Mfipa, angeweza kusema hayo si ya kwetu. Hajasema. "Hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja," aliniambia. "Sitaki niwe mimi wa kumvunjia heshima uzeeni."

Na mzee naye alikuwa ametoa neno lake: kama hakuna namna ya kupanda bila kutazamana na mkamwana, atarudi Tukuyu na kidonda chake. Leo ilikuwa siku ya kukisafisha.

"Tufanye majaribio," nikasema. "Mimi ndiye mkweo."

Niliketi nyuma ya lile jekundu, nikakunja uso kizee. Rozina akaliondoa taratibu, Christopha pembeni yake akisifia ulaji wa mafuta. Tulipofika barabarani Rozina akainua macho kwenye kioo cha kati, akakutana na yangu. Akakanyaga breki, akaachia usukani kabisa na kujifunika uso kwa viganja. Gari likazima katikati ya njia.

"Weee mama! Umelala?" akapiga kelele bodaboda aliyetukwepa.

"Dada, si ni mzee wako huyu?" Christopha akashangaa.

"Leo si mzee wangu," Rozina akasema.

Tukajaribu jeupe, lenye viti vya ziada nyuma kabisa. Rozina alilipenda kwa ule umbali. Nikajikunja, nikapenya, nikafika, na nikashindwa kutoka. Christopha alinivuta miguu, Rozina akanisukuma bega, na mfuko wa suruali ukabaki humo mpaka leo.

"Mguu wenyewe mgonjwa, bamkubwa. Atapitaje hapo?"

"Atapita. Tatizo ni kurudi."

Hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya tofali, anasimama, anakaa, anasimama. Simu ya Christopha ikaita, akajibu, "Njoo tu kaka, zipo." Rozina akasikia, akanishika mkono. "Mwambie mzee arudi Tukuyu tu. Nimeshindwa."

"Bado lile la kijivu."

"Hilo lina kasoro ndogo," Christopha akasema haraka. "Sikutaka kuwaficha. Kioo cha ndani kila mteja anakilalamikia."

Tukapanda hivyo hivyo. Mwendo mfupi tu, mimi kwa uzoefu wangu wa kuwa mkwe nikaanza kumchokoza kwenye kioo. Nikakodoa macho. Nikatoa ulimi. Nikavuta masikio yote mawili. Rozina akatazama kioo moja kwa moja, akawasha taa ya pembeni, akapinda kona kwa utulivu.

"Mwanangu, huoni ninavyofanya?"

"Unafanya nini? Naona barabara tu na punda."

Nikasogea mbele kuangalia. Kweli, kwenye kioo mlikuwa na barabara ya nyuma, punda na mkokoteni wake. Mimi sikuwemo.

"Ndiyo kasoro yenyewe," Christopha akasema kwa huzuni. "Kinaonyesha picha ya kamera iliyobandikwa juu kwenye kioo cha dirisha la nyuma. Abiria hamuoni. Mpaka ubonyeze hiki kijiti, ndipo kinakuwa kioo cha kawaida."

Rozina alisimamisha gari. Alicheka mpaka akalalia usukani, honi ikalia.

Christopha akatuachia gari mpaka jioni. Tulipofika Malangali nilimweleza Mzee Jafeti kwamba ni gari lililotengenezwa Japani maalumu kwa ajili ya wakwe, na kwamba huko wana adabu kama za Tukuyu. Nikamweleza na kile kijiti kisichopaswa kuguswa.

"Polikarp, wewe ni mwongo."

"Panda uone."

Alipanda nyuma ya kiti cha dereva, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nikakaa ubavuni mwake, nikawa mdomo wao.

"Mwambie dereva mbele kuna tuta."

"Dereva, kuna tuta."

"Mwambie baba nimeliona."

"Amesema ameliona."

"Nimesikia, Polikarp, sina ugonjwa wa masikio."

Tuta likapita, mguu haukugonga kitu. Mzee akashusha pumzi. Kisha tukaingia kwenye kipande kinachotengenezwa, njia nyembamba, mtaro kushoto na mtaro kulia, upepo ukaleta vumbi jekundu la uwanda mzima. Nyuma yetu lori likaanza kupiga honi. Rozina akatazama kioo cha kati, kisha vya pembeni: vumbi tupu. Akawasha kifutio cha nyuma. Hakikuwa na maji, kikasukuma vumbi lote juu, pale penye kamera.

"Bamkubwa, sioni nyuma!"

Mkono wake ulienda kwenye kile kijiti, ukasita, ukarudi. Gari likaanza kuyumba. Lori likapiga honi tena, karibu zaidi. Ningeshuka kufuta, lakini hapakuwa na pa kusimama. Sikuwa na uongo wowote wa kusaidia.

Mzee Jafeti akavuta kofia, akaifunika uso wote.

"Mwambie mwanangu abonyeze," akasema. "Mimi nimefumba."

Sikuhitaji kumwambia. Kijiti kililia tak. Rozina akaliona lori, akakaza mwendo mpaka njia ilipopanuka, akasogea, likatupita na honi yake. Hakurudisha kijiti mpaka tulipoingia getini hospitali.

Mzee alishuka polepole, akashika fimbo. Kabla hajaondoka akapiga bati la gari kwa kiganja, upande wa dereva.

"Hili hili," akaniambia. "Ila kabla ya keshokutwa mlitie maji ya kifutio."

Akiwa ndani kwa wauguzi, Rozina aliniuliza kwa sauti ya chini kama kweli mzee alifumba. Nikamwambia alifumba hadi akakoroma. Mzee alipotoka na bandeji mpya, naye akaniuliza kama mkamwana aliangalia. Nikamwambia hakuangalia, macho yote yalikuwa kwa lori.

Kisha nikaenda kutafuta maji ya kuosha kile kioo cha nyuma, kwa kuwa wote wawili walikuwa wakinitazama kama wanaodhani nimewadanganya.